Injini wa Wodi ya Upasuaji

Wauguzi wenzake walimwita Injini, maana hakuwa mtu wa kuzima. Wodi ya upasuaji ilipopungukiwa watu, yeye ndiye aliyeunganisha zamu bila kununa. Kichwa kikimgonga, anameza vidonge. Miguu ikivimba, analegeza kamba za viatu. Hata hedhi ilipokatika, aliyegundua ni mumewe.

Mume akawa meno nje. Kabla mkewe hajasema lolote, alikwisha kumpigia mama yake simu, na mama mkwe akaanza kumwita mkwewe "mama kijacho". Injini alisubiri furaha imfikie na yeye. Haikufika. Akajiambia itakuja akipata usingizi.

Kesho yake alipita maabara. Mpimaji, shoga yake tangu chuoni, alirudia kipimo, kisha akafunga mlango.

"Hakuna mimba, shoga yangu. Mwili umegoma. Hebu lete mkono nikupime presha."

Presha ilikuwa juu mno. Injini akashukuru, akarudi wodini kumfunga kidonda mzee wa kitanda cha mlangoni. Mzee akauliza mbona leo hamtanii. Akamjibu kwamba hajisikii kitu, na kweli hakuwa akisikia kitu.

Alipoomba mapumziko, muuguzi mkuu alianza na maneno yake ya siku zote: nani atashika zamu? Halafu macho yakamwangukia miguuni, kwenye uvimbe. Akampa wiki mbili.

Jioni akamweleza mumewe. Mume alikaa kitako ukingoni mwa kitanda. Hakumlaumu. Baadaye akatoka uani na simu, na Injini akamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Hapana, mama. Hana mimba. Anaumwa. Kazi imemmaliza."

Injini alingoja machozi, hata ya kusingizia. Wapi. Akajilaza na sare yake mwilini.

Mume aliporudi alimvua viatu, akaona soksi zilivyochimba ngozi, akaanza kuisugua miguu ile taratibu. Injini aliihisi mikono yake kwa mbali, kama anayeguswa juu ya blanketi zito.

Simu ya Injini ikaita. Ilikuwa namba ya wodini; bila shaka kuna mgonjwa anatoka damu na waliopo wameelemewa. Injini akaanza kunyanyuka, mwili wenyewe tu, kabla hajafikiri. Mume akamrudisha kitandani kwa kiganja kimoja, akaipokea yeye.

"Amelala," alisema.

Injini akafumba macho, isije ikawa uongo.