Nyumba Isiyoombwa Moto

Mke wangu Sidonie aliamka kabla ya watu wote wa upande wetu wa mji wa Wamaza. Alifukua makaa aliyoyafunika kwa majivu jioni, akapuliza, akaongeza vijiti, na kabla maji hayajachemka wanawake walianza kuita uani: "Mama Chimène, iko moto?" Kila mmoja alikuja na kigae chake cha chungu kilichovunjika. Wakati wa mvua viberiti hulowa, na kuni mbichi humaliza kiberiti kizima bila kuwaka, kwa hiyo watu huombana moto. Nyumba zenye moto zilikuwa nyingi. Walikuja kwake kwa sababu hakumpa mtu kaa bila kumuuliza habari za nyumbani kwake, na akiuliza, alingoja jibu.

Mimi nilikuwa bado kitandani, nikisikiliza. Huyu mtoto wake ana homa. Yule mume wake amerudi kutoka Nyangwe mikono mitupu. Mwingine anacheka tu, hasemi anacheka nini. Sidonie aliniambia siku moja kwamba watu wa moto wanamchelewesha sala ya asubuhi. "Lakini Mungu anajua niko wapi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Alifariki mwanzoni mwa mvua, baada ya ugonjwa mfupi wa tumbo.

Shirika letu halikuniacha. Shirika ni sisi Wakristo majirani, tunaosali pamoja kila Ijumaa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wanaume walichimba kaburi. Wanawake walichota maji, wakapika sombe ya majani ya muhogo na mchele kwa wageni waliotoka hata Kasongo, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Binti yetu Chimène, aliyeolewa Kasongo, alikaa nami hadi kilio kikaisha. Alitaka niende naye. Nilikataa. Mpunga ulikuwa shambani, na ndege hawajui kwamba mtu amefiwa.

Siku aliyoondoka, Mama Esther-Divine na wenzake wa shirika waliniletea paketi nzima ya viberiti, imefungwa vizuri katika plastiki isilowe.

"Usihangaike tena, Baba Chimène," aliniambia. "Na sisi hatutakusumbua."

Niliona ni maneno ya kuagana tu. Kesho yake nilifukua majivu kama nilivyowahi kumwona mke wangu akifanya. Makaa yalikuwa mekundu. Ulikuwa moto wake uleule, kwa kuwa muda wote wa ugonjwa na wa kilio haukuzimika. Niliweka kuni, nikangoja. Nilisikia hatua njiani, nikasimama. Zilipita, zikaenda kwa jirani yetu Mama Cécilia, nyuma ya migomba. Zikaja nyingine, nazo zikapita. Nilisikia wakicheka kule. Waliporudi mbele ya uwanja wangu, walishusha sauti kama watu wanaopita karibu na kanisa wakati wa misa.

Ikawa hivyo asubuhi zote. Niliendelea kuutunza ule moto, jioni nikifunika, asubuhi nikifukua. Nilipika ugali wa mtu mmoja, kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Unga unauzidi mkono, na kesho yake unakula wa baridi. Nilianza kukohoa kwa nguvu nikiwa jikoni, ili walio njiani wajue niko macho. Waliongeza mwendo.

Ijumaa moja tulisali kwa Jean-Paul, kiongozi wa shirika. Kwetu, baada ya somo na kimya, kila mtu husema wema aliotenda juma hilo. Si kwa kujisifu. Ni ili tusiwe watu wa kuimba tu. Mmoja alikuwa amempeleka mgonjwa zahanati kwa baiskeli. Mwingine alimlimia mjane kipande cha karanga. Kisha Jean-Paul akanitazama.

"Na kwa baba yetu huyu wa kilio, tulifanya nini?"

"Tulimuacha apumuzike," Mama Esther-Divine akajibu. "Hata watoto tuliwakataza kupita kwa lupango yake, pale uwanjani. Moto tunaomba kwa Mama Cécilia. Mutu akiwa na kilio, makelele inamuumiza."

"Inaumiza sana," wengine wakaitikia.

"Mimi hata mbuzi yangu nimeifunga," akasema Roger. "Ilizoea kwenda kulia kwake."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba nipo. Jean-Paul akasema huo ndio upendo usiojionyesha, wakapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Ningesema nini? Watu walikuwa wameacha njia ya mkato ya uwanjani kwangu kwa ajili yangu, wakazunguka kwenye matope na vigae mkononi. Hata mbuzi alikuwa amefungwa. Mtu mzima hawezi kusimama mbele ya watu kama hao akawaambia: njooni mnipigie kelele.

Niliona njia moja tu ya kuwafikia, kwenda kuomba moto mimi mwenyewe. Lakini mwenye moto haombi moto, na niliona aibu kuwadanganya watu ninaosali nao. Ili niombe, ilibidi moto wangu ufe kwanza. Hapo ndipo niliposhindwa. Picha ya Sidonie ninayo moja, ile ya kadi ya uchaguzi, ambayo wala hafanani nayo. Sauti yake sina. Nguo zake zilichukuliwa na dada zake, kama desturi ilivyo. Katika nyumba yote, moto ule tu ndio ulikuwa bado unaendelea na kazi aliyouanzishia.

Nikauacha uwake. Nikakaa siku kadhaa nikiutumia kupika ugali wangu.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, na sauti ilisafiri vizuri. Mtu aliita kule nyuma ya migomba: "Iko moto?" Mdomo wangu ukajibu, "Iko." Nilikuwa peke yangu, nimechuchumaa mbele ya mafiga, namjibu mtu asiyezungumza nami. Nikashika sufuria ya maji, nikayamwaga yote motoni. Jivu lilinirukia usoni. Nilitoka nje kabla moshi haujaisha, kwa maana sikutaka kuuona mwisho wake.

Nilichukua kigae, nikaenda. Mama Cécilia alikuwa anapepeta mchele, na mama mkwe wake, mzee sana asiyeogopa kusema lolote, ameketi karibu na jiko.

"Hodi, Mama Cécilia. Iko moto?"

Ungo ukasimama hewani. "Karibu, Baba Chimène. Moto? Na viberiti tulikupa?"

"Viberiti iko. Moto ndiyo umezima."

"Si uwashe, basi!"

"Mama Cécilia, wacha maulizo," akasema mama mkwe. "Mwanaume akija na kigae, ujue dunia imeharibika. Umupe, aende amalizie kuiharibu."

Mama Cécilia akanichagulia makaa mazuri ya kuni ngumu. Nikashukuru, nikaondoka. Sikujua kwamba kaa hulazwa juu ya majivu, likafunikwa kwa majivu, na anayelibeba hulikinga na upepo kwa mwili wake. Mimi nilibeba kama mtu anayepeleka sahani ya chakula mezani. Upepo uliyapuliza makaa, cheche zikaruka, kigae kikapata moto, na vidole vyangu vikakiachia kwenye majani yenye maji. Nikakiokota kigae, nikarudi.

"Huyu hapa tena!" mama mkwe akapaza sauti. "Moto umeula njiani?"

"Umeanguka, mama."

"Mama Chimène hakukufundisha?"

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa ametaja jina hilo mbele yangu. Mama Cécilia alimkazia macho mkwe wake.

"Hakunifundisha," nikasema. "Saa hiyo nilikuwa nalala."

"Wanaume!" mzee akasema, akatema mate upande.

Mama Cécilia hakunirudishia kigae. Aliweka majivu, akalaza makaa, akafunika, akatangulia yeye. Jikoni kwangu alisimama. Aliona majivu yaliyogeuka uji, sufuria iliyolala upande, na paketi ya viberiti juu ya kichanja, bado katika plastiki yake. Akakomba yale matope, akatafuta pakavu, akaweka moto, akapiga magoti na kupuliza.

"Kuni zako ni mbaya," akasema kati ya pumzi mbili. "Uzipange hapa juu, moshi uzikaushe. Jana ulikula nini?"

"Ugali wa juzi."

"Mungu wangu."

Alikuwa ameacha mchele wake nje, na kuku ni kuku. Akaondoka haraka. Baada yake kimya kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza, na moto uliokuwa mbele yangu haukuwa wa Sidonie. Niliutazama kama mgeni ambaye sijui jina lake. Jioni niliufunika hata hivyo.

Kesho yake nilifukua, nikaongeza kuni, sikungoja mtu. Hatua zilipita njiani kama kawaida. Halafu sauti ikaita ndani ya uwanja wangu.

"Baba Chimène, iko moto?"

Alikuwa Mama Cécilia, kigae mkononi.

"Wangu umezima," akasema.

Nyuma yake, juu ya migomba, moshi wa jiko lake ulikuwa unapanda mzito na mweupe. Nikasikia na mama mkwe wake akiwafukuza watu kwa sauti yote: hapa leo hakuna moto, waende mbele, wana miguu ya nini?

"Iko," nikasema. "Ingia."

Nilitandika majivu kwenye kigae, nikamchagulia kaa kubwa kuliko yote, nikalifunika. Alikagua kazi yangu, akaguna, akaenda zake. Pale njiani walikuwa wamesimama wanawake na vigae vyao, Mama Esther-Divine mbele, wanatazamana, hawajui kama waingie au wapite. Sikuwaita. Nilisukuma kuni ndani, nikainama, nikapuliza.