Gari la Kifua cha Mzee Urbani

Gari lile halikununuliwa kwa ajili ya mbio. Lilinunuliwa kwa ajili ya kifua cha Mzee Urbani.

Kijiji kizima cha Maguu kilikijua kifua hicho. Ukungu wa mwezi wa saba ukishuka, kahawa ikiwa nyekundu mashambani, kilianza kupiga filimbi. Na kikiamua kubana kweli, kile kikopo cha dawa ya kupulizia kilikuwa sawa na kumwagia nyumba inayoungua maji ya kijiko. Hapo ilibaki njia moja tu: kituo cha afya, ng'ambo ya bonde, kwenye mtungi wa oksijeni. Basi msimu mmoja kahawa ilipokubali na bei ikakubali, mzee aliacha kuezeka nyumba upya, akanunua Starlet kuukuu, na ufunguo akamkabidhi mwanawe Clemence.

"Mimi nimenunua pumzi," aliwaambia waliomcheka. "Bati litasubiri."

Clemence aliendesha vizuri. Aliendesha vizuri kupita mahitaji ya mgonjwa. Kule Kitai, kwenye tambarare, vijana wenye magari walikuwa wamechonga mzunguko wa udongo, na kila Agosti walishindana humo. Mwaka wa kwanza Clemence alikwenda kutazama. Mwaka wa pili alishindana, akashika nafasi ya tatu, akarudi nyumbani na homa isiyo na dawa.

Ilikuwa homa ya wepesi. Huko Kitai walimwambia kwamba gari la mbio halishindi kwa nguvu peke yake. Linashinda kwa vitu lisivyovibeba. Akaanza kulivua lile gari kama mtu anavyomnyonyoa kuku. Viti vya nyuma vikatoka, vikageuka makochi ya sebuleni. Zulia likatoka. Tairi la akiba likatoka. Kiti cha abiria nacho kikatoka, na mama yake, Gertruda, alipouliza, "Na baba yako akizidiwa atakaa wapi?" Clemence alitandika magunia mawili ya kahawa pale kilipokuwa kiti, akayapigapiga kwa kiganja.

"Hapa, mama. Kama mfalme."

Nyuma ya gari akaandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe: MZITO ATANIKUTA NIMEFIKA.

Kitu cha mwisho kutoka kilikuwa betri. Ile ya zamani, ya maji, ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Dereva mmoja wa Songea akamuuzia ya lithiamu, ndogo, ambayo uliweza kuibeba kwa mkono mmoja huku wa pili ukishika muhindi wa kuchoma. Akamwambia mambo mawili. La kwanza, betri hii haipendi baridi: asubuhi yenye ukungu, washa kwanza taa kubwa kidogo, ipate joto, ndipo upige stata. La pili, tumbo lake ni dogo.

"Ile ya maji ikichoka inakulalamikia kutwa nzima," alisema yule dereva. "Hii hailalamiki. Ikichoka inajifungia mlango, na haifungui mpaka uipeleke kwenye chaja. Usije ukaisahau."

Clemence alilishika la kwanza.

Shemeji yake Dastan, mvuvi, mume wa dada yake Albina, alipopanda kutoka Lundo, kando ya ziwa, na kapu la dagaa aliikuta betri ya maji imekaa uani. Akaizunguka kama mtu aliyemwona mbuzi asiye na mwenyewe.

"Hii mnaitupa?"

"Chukua, shemeji. Ikavue dagaa."

"Wewe Clemence! Unanipa ng'ombe, unabaki na panya?"

"Panya ndiye anayekimbia."

Dastan alicheka mpaka akakohoa, akajitwika betri begani, ikateremka naye ziwani kwenda kuwasha taa za mitumbwi.

Mzee Urbani aliyatazama yote hayo. Kijana wake alikuwa ameshika nafasi ya tatu Kitai, na jambo hilo mzee alilipenda kuliko alivyoonyesha. Yeye alikuwa na sharti moja tu, sharti la watu wote wa milimani: gari lilale likitazama bondeni. Stata ikigoma, unaachia breki, unatia gia, mlima wenyewe unakuwashia.

"Mteremko hauugui," alikuwa akisema.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, mashamba ya ngolo, yale ya mashimo-mashimo mlimani, yamefunikwa mpaka juu, na uani kwa Mzee Urbani majirani walikuwa wamekuja na vikapu vyao kumenya kahawa kwenye mashine yake ya mkono. Clemence aliwasha taa kubwa ili betri ipate joto. Akafungua boneti. Si kwamba kulikuwa na kitu cha kutengeneza; watu walikuwepo, basi.

Salvatory wa bodaboda, aliyesoma naye darasa moja na kugombana naye tangu darasa hilo, alishusha gunia lake akachungulia.

"Clemence, hii ni betri au kiberiti?"

"Kiberiti ndicho kinachounguza msitu, Salvatory."

"Haya. Na ukimaliza kutoa vitu vyote utatoa na injini? Maana nayo ina uzito."

"Nitakutoa wewe barabarani. Wewe na hilo baiskeli lako linalokunywa petroli."

Uwanja ukacheka. Clemence akapata moto. Aliwaeleza lithiamu kana kwamba ameichimba mwenyewe: inavyotoa nguvu kwa mkupuo, isivyo na maji ya kuongeza, jinsi gari likipunguziwa uzito puani linavyoingia kona kama nyoka kwenye majani. Alisimama juu ya jiwe, mkono juu. Wanawake waliacha kuchambua kahawa wakamsikiliza.

Mzee Urbani alikuwa anazungusha mkono wa mashine. Akasimama kidogo.

"Clemence, mwanangu, hizo taa..."

"Baba," Clemence alisema bila kugeuka, "ya kahawa ni yako. Ya betri hii niachie mimi."

Watu wakacheka tena, safari hii upande wa Clemence. Mzee aliinamia mashine yake, akaendelea kuzungusha.

Kisha mama akaita kutoka shambani, magunia yamejaa, Clemence akafunga boneti na kwenda kubeba. Alikuwa bado anacheka peke yake njiani. Ukungu ukapanda, jua likatoka, na mwanga wa taa ukamezwa na mwanga wa jua. Hakuna aliyeuona tena.

Adhuhuri haijafika, kifua kilibana.

Clemence alisikia ukelele wa mama yake akatupa gunia. Alimkuta baba kwenye kigoda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imekuwa rangi ya jivu. Kikopo cha dawa kilikuwa chini kwenye maganda ya kahawa. Salvatory alikuwa tayari juu ya pikipiki, injini inaunguruma.

"Mlete! Mzee akae katikati, wewe umshike kwa nyuma. Tunafika sasa hivi!"

Clemence aliiangalia pikipiki, akamwangalia aliyeipanda.

"Baba yangu si gunia la kahawa. Ana gari."

Wakamwinua, wakamketisha juu ya yale magunia mawili. Clemence akaruka kwenye usukani akageuza ufunguo.

Kimya. Hata ule mlio mdogo wa stata iliyochoka haukuwepo. Dashibodi ilikuwa nyeusi. Akageuza tena. Ndipo mkono wake ukaenda kwenye swichi ya taa, kuziwasha kama alivyofundishwa, ili betri iamke. Na vidole vikaikuta swichi iko juu. Ilikuwa juu tangu asubuhi.

Alijua. Hapo hapo alijua, kama mtu anavyojua amekanyaga mwiba kabla hajauona. Lakini dirishani ulikuwepo uso wa Salvatory.

"Vipi?"

Neno moja tu, wala halikuwa la dhihaka. Clemence aliliona limejaa dhihaka.

"Baridi," alisema. "Imelala kwa baridi." Na jua lilikuwa linawachoma visogo. "Mteremko upo. Sukumeni!"

"Clemence," mama yake alisema, "tumpe Salvatory."

"Mama, ingia!"

Gertruda akaingia nyuma, akakaa juu ya bati tupu, akakikumbatia kichwa cha mumewe kwa nyuma. Watu wakasukuma. Gari likaanza polepole, likakolea. Clemence akatia gia ya pili, akaachia klachi. Magurudumu yakakaza, gari likatikisika, wote wakarushwa mbele. Injini haikukohoa hata mara moja. Akakanyaga klachi, akaliachia lishike mwendo, akajaribu tena. Na tena. Betri ya maji, hata iwe imechoka namna gani, huwa imebakiza tone la kuomba nalo moto. Hii ilikuwa imejifungia mlango, na mlima mzima wa Maguu haukuweza kuufungua.

Angeweza kusimama pale kwenye kona ya kwanza, watu wakiwa bado wanasikia. Aliona kona ya pili ina mteremko mkali zaidi. Baada ya hiyo aliona ya tatu.

Baadaye wangemwambia kwamba huko juu walilitazama gari mpaka likapotea kwenye migomba; na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona gari limeuteremka mlima ule lisiwake, wakarudi kwenye kahawa yao. Salvatory alipakia gunia lake akaelekea Kitai.

Gari lilisimama lenyewe kwenye mdomo wa daraja la magogo, chini kabisa, mahali ambapo pande zote mbili ni kupanda. Ulisikika mto, na ile filimbi.

Clemence alifungua boneti. Akavikaza vichwa vya betri, akavilegeza, akavikaza tena. Akaipiga kwa kiganja. Ilikuwa safi, inang'aa, ndogo kama mkate.

"Clemence." Baba yake alikuwa anaita kwa vipande. "Taa... niliziona... zinawaka." Akatafuta pumzi mbali, akarudi nayo kidogo. "Nikadhani... ndivyo inavyotaka."

Hakulaumu. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayeomba radhi kwa kutojua mambo ya kisasa.

Bonde lile halina mtandao. Clemence alikimbia kuupanda mlima aliouteremka, akishika majani, akipiga magoti kwenye mashimo ya ngolo, simu mkononi. Mtandao ulipopatikana akampigia Salvatory. Simu iliita, ikaita. Nani husikia simu juu ya pikipiki? Akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Watu wakatoka na kitanda, wakateremka wakikimbia, naye mbele yao.

Alipokaribia daraja hakuisikia ile filimbi, na kwa kitambo kidogo alifurahi. Akadhani kifua kimeachia.

Mama alikuwa amemtoa, amemlaza kwenye majani, na alikuwa anamfunga kidevu kwa kitenge.

Walimzika karibu na kahawa yake. Hakuna aliyemlaumu Clemence. Salvatory alishika sepetu tangu mwanzo wa kaburi mpaka mwisho, akampa mkono, akasema, "Pole, ndugu yangu," na hakuna dhihaka yoyote ya maisha yao iliyowahi kumchoma Clemence kama pole ile.

Matanga yalipoanuliwa, Dastan alikwenda kukaa karibu na Clemence. Yeye na Albina walikuwa wamepanda kutoka Lundo na mzigo uliofungwa kwa wavu.

"Shemeji, lile gari limeziba daraja. Watu hawapiti na kahawa. Tukalitoe."

Wakateremka, Dastan mbele, ile betri ya maji begani, jasho likimtiririka shingoni. Alipofika aliishusha kwa kuguna, akaing'oa ile ndogo kwa mkono mmoja, akatafuta pa kuiweka. Hakupaona. Akampa Clemence aishike.

Haikuwa na uzito wowote. Clemence alisimama nayo mikononi huku mwenzake akifunga vichwa, akikaza, akipangusa vidole kwenye suruali.

"Haya. Jaribu."

Clemence aliingia, ile ndogo akiipakata, akagusa ufunguo. Gari likawaka hapo hapo. Halikusita. Lilinguruma kwa sauti ile iliyowahi kuwasimamisha watu wa Kitai, na bonde likairudisha sauti kutoka pande zote mbili. Mbele, juu ya mlima wa pili, bati la kituo cha afya lilikuwa linameta juani. Ungeweza kuwahesabu watu waliokaa barazani pake.

Dastan aliingia upande wa pili. Akayaona yale magunia mawili, bado yamebonyea umbo la mtu, akabaki amechuchumaa, asiyakalie.

"Tia gia, shemeji," alisema kwa upole. "Twende."

Clemence alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama kule juu.

"Wapi?"