Kiganja Juu ya Chupa

Sindano ilikuwa imeshajaa dawa Leonsia alipoyaona maandishi. Kichupa kilichovunjwa shingo kilikuwa kimelala kwenye sinia, na ubavuni mwake, kwa herufi ndogo za buluu, paliandikwa kwinini, kama kawaida. Lakini chini ya jina, nguvu ya dawa haikuwa ile ya kawaida. Ilikuwa mara mbili yake.

Sista Getruda alikuwa akipangusa kwa spiriti kizibo cha mpira cha chupa ya maji ya sukari. Mbele yake mtoto aliyeitwa Shimba alikuwa amelegea mapajani mwa mama yake, macho nusu wazi, midomo imekauka kwa homa. Mama huyo alikuwa amempakia kwenye baiskeli ya shemeji yake tangu alfajiri, na mavumbi ya njia yalikuwa bado miguuni mwake.

Getruda ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi ya watoto katika hospitali ile ndogo ya kando ya ziwa, ng'ambo ya Mwanza, na ndiye aliyemsimamia Leonsia katika mazoezi yake ya mwisho. Neno lake ndilo lingempa Leonsia kazi, au lingemrudisha chuoni kurudia mwaka. Wanafunzi walimwogopa. Alikuwa na desturi ya kuwasimamisha kabla ya kila dawa na kuwaamuru, "Soma. Kwa sauti." Nao walisoma jina, nguvu na tarehe ya kuharibika, kama watoto wa darasa la kwanza. Asubuhi ile hakumsomesha mtu. Leonsia alikuwa ametumwa kupeleka damu maabara, na hali ya mtoto haikuruhusu kungoja.

"Sista, samahani," Leonsia alisema. "Dawa hii si ile ya wiki iliyopita."

"Kwinini ni kwinini, binti."

"Ni ya kiwanda kingine. Nguvu yake ni mara mbili."

Getruda hakugeuka. "Nilianza kuchoma kwinini wewe hujazaliwa. Shika chupa."

Leonsia aliishika chupa. Kisha, badala ya kuisogeza kwenye sindano, akaufunika mdomo wa chupa kwa kiganja. Ncha ya sindano ikasimama hewani, karibu kabisa na ngozi yake.

Akina mama waliokuwa kwenye vitanda vya jirani waliacha kuzungumza. Hata wale wasiojua Kiswahili sawasawa walijua kwamba binti mdogo alikuwa amemzuia mkubwa wake mbele za watu.

"Ondoa mkono."

"Soma kwanza, Sista. Nakuomba."

Getruda aliiweka sindano chini. Akakichukua kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. Leonsia alingoja uso ule ubadilike, uonyeshe kwamba umeona. Haukubadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama ukuta.

"Soma wewe," Getruda alisema mwishowe. "Kwa sauti."

Leonsia akasoma. Getruda akaibonyeza sindano, dawa ikamwagikia ndooni, kisha akampa nyingine tupu. "Pima upya."

Leonsia alipima, akachanganya, akaitundika chupa. Alijaribu kumwambia Mama Shimba asiogope, kwamba walikuwa wakihakikisha tu, lakini yeye alikuwa Mhaya na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Mama Shimba hakuutazama mdomo wake. Alikuwa akikitazama kile kiganja.

Kufikia mchana Shimba alikuwa amepata nguvu za kulia, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha.

Jioni walikuwa wawili tu kwenye chumba cha kuchemshia vyombo. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa likinguruma, na vioo vya dirisha vilikuwa vimetota mvuke. Getruda alikuwa akitoa sindano majini kwa koleo, moja baada ya nyingine, wala hakuangusha hata moja.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

"Sijamwambia mtu."

"Ni kama mtu amenitandikia chandarua mbele ya macho. Kikubwa nakiona. Mshipa wa mtoto naupata kwa kidole. Herufi ndizo zilizonikimbia." Alilizima jiko. "Zamani haikuwa kitu. Dawa zilitoka bohari moja ya serikali, nikakijua kila kichupa kwa umbo lake. Tangu biashara ifunguliwe kwa watu binafsi, leo zinatoka huku, kesho kule, zote zinafanana kama mapacha."

Leonsia alikumbuka ile amri ya kila siku: soma, kwa sauti.

"Kabla yangu alikusomea nani?"

"Paskazia, mwanafunzi aliyekutangulia. Na kabla yake kijana mmoja wa Bunda."

"Walijua?"

"Walidhani nawafundisha." Getruda alilitundika koleo ukutani. "Na nilikuwa nawafundisha."

Akaeleza yaliyobaki bila kupandisha wala kushusha sauti. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mwaka uliopita kilifungwa, na sasa alikuwa akishinda nyumbani akitengeneza redio zisizopona. Serikali nayo ilikuwa ikipunguza wafanyakazi. Muuguzi asiyeweza kusoma kichupa angekuwa wa kwanza kuonyeshwa mlango.

"Nisomee mpaka umalize," alisema. "Mimi nitakuandikia maneno mazuri."

Leonsia alimalizia kupanga vyombo kwenye sinia. Alilibeba sinia akatoka nalo. Usiku ule alimfikiria shangazi yake wa Mabatini, aliyemlea na kumshonea ile sare kwa mikono yake, na ambaye alikuwa ameshawatangazia wateja wake wote wa mitumba kwamba nyumbani kwake kuna nesi.

Siku zilizofuata alisoma. Alisoma kabla ya kuamriwa, kwa sauti ya kawaida, nao wakafanya kazi vizuri kuliko walivyowahi kufanya. Getruda alimfundisha kuutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji. Alimwambia afumbe macho na kuacha kidole kitembee, na mara ya kwanza Leonsia alipoupata, Getruda alicheka kicheko kifupi cha puani na kumpiga begani. Shimba aliruhusiwa kurudi kwao akiwa amekalishwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amefungwa kwa kanga asianguke, muwa mkononi. Laiti Getruda angekuwa muuguzi mbaya, Leonsia asingepata shida ya kuamua. Lakini hapakuwa na muuguzi mwingine pale ambaye yeye angetaka kufanana naye.

Wiki ya mwisho ilipoanza, Leonsia alimkuta Getruda akikunja mashuka stoo.

"Sista, nikiondoka, nani atakusomea?"

"Watakuja wengine."

"Chuo kinafungwa. Hawatakuja mpaka mvua zipite."

"Mungu hamtupi mja wake."

"Na huyo mtoto atakayelazwa mvua hazijapita?"

Getruda aliendelea kukunja. Pembe na pembe, pembe na pembe.

"Twende kwa Metroni," Leonsia alisema. "Nitakwenda na wewe."

"Nisipokwenda?"

Leonsia aliinamisha uso, akavitazama viatu vyake. Sauti ilipotoka haikuwa na nguvu hata kidogo. "Nitakwenda peke yangu. Unisamehe."

"Toka humu."

Kesho yake asubuhi Leonsia aliingia wodini akasema, "Shikamoo, Sista." Getruda alipita na ndoo yake kana kwamba ni upepo uliosema. Akina mama walisikia. Asubuhi nzima Leonsia alifanya kazi huku salamu ile isiyoitikiwa ikimwelemea kifuani. Mara mbili alimwona Getruda akisimama mbele ya kabati la dawa, akilifungua, akilifunga tena bila kutoa kitu.

Baada ya chakula cha wagonjwa, Leonsia alinawa mikono, akainyoosha sare yake, akaenda kwenye ofisi ya Metroni, mkuu wa wauguzi wote. Nje ya mlango, kwenye benchi la wageni, alikuwa ameketi Getruda. Kofia yake ilikuwa imenyooka, na viatu vyeupe vilikuwa vimepakwa chokaa upya.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kaa." Alisogea kidogo kumpa nafasi. "Mimi nimetangulia. Usije ukasema ulinileta."

Wakaketi bega kwa bega, mpaka mlango ulipofunguliwa.

Metroni alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyependa makelele. Alisikiliza yote mikono ikiwa juu ya meza. Getruda hakujitetea, wala hakuficha habari ya wanafunzi waliomsomea, wala ya ile chupa ya Shimba.

"Ungeniambia mapema," Metroni alisema.

"Ungenifanya nini mapema?"

Metroni alifungua droo, akatoa karatasi. Alisema kwamba yupo daktari wa macho Mwanza, na kwamba ukungu wa namna hiyo mara nyingine huwa ni mtoto wa jicho, ambaye hukatwa na ukungu ukaondoka; mara nyingine ni kitu kingine. Angemwandikia aende. Kuhusu kazi, hakuweza kumwahidi neno. Hayo yalikuwa mikononi mwa wakubwa. Lakini funguo za kabati la dawa zingebaki pale ofisini kuanzia saa ile.

Getruda alizifungua kutoka kwenye mkanda wake. Fundo lilimsumbua, na Leonsia alitaka kumsaidia, akajizuia. Hatimaye zikatua mezani kwa mlio mdogo.

"Na huyu mwanafunzi?" Metroni aliuliza. "Wewe ndiye msimamizi wake."

"Mkaidi," Getruda alisema. Akafikiri. "Mpitishe."

Waliondoka siku moja, kwa kivuko kimoja. Leonsia alikuwa amemaliza mazoezi. Getruda alikuwa anakwenda kwa daktari wa macho. Mumewe alimsindikiza mpaka gatini, akamkabidhi kikapu chenye viazi vya kuchemsha, akabaki amesimama nchi kavu akipunga mkono kuelekea upande mmoja wa kivuko, mkewe akiwa upande mwingine. Ndani ya kivuko, malori ya sangara yalikuwa yamepangana, barafu ikiyeyuka na kudondoka, yakiwahi viwanda vya samaki vya Ilemela. Wasafiri wa miguu walijibana ukingoni.

Walipofika katikati ya ghuba, miamba ya Mwanza ikiwa imeanza kuonekana, Getruda aliuinua uso.

"Kule mbele kuna moto?"

Kulikuwa na nguzo nyeusi, ndefu, iliyoinuka majini mpaka mawinguni, ikiyumba polepole.

"Si moto, Sista. Ni wadudu wa ziwani."

"Wanakuja huku?"

"Wanakuja."

Watu walianza kufunga madirisha ya malori. Mwuza karanga aliligubika beseni lake. Kisha wingu likawafikia, laini, lisilo na sauti, maelfu ya mbawa ndogo zisizouma, likijaa nyweleni, mikononi, kwenye kola. Leonsia aliziba mdomo kwa mkono. Hapo akahisi kitambaa kikimshukia kichwani. Getruda alikuwa amekikunjua kitenge chake na kuwafunika wote wawili. Wakasimama humo ndani, nyuso zao karibu, wakipumua harufu ya sabuni na viazi, huku nje mwanga ukipungua na kivuko kikiendelea kwenda.