Habari ya Kwanza Ni Baba

...na waziri aliyesinzia wakati anaulizwa swali la umeme nimemweka namba tatu, hapo anatosha, watu wamemcheka tangu jana na leo wamebakiwa na kicheko kidogo tu cha kumalizia, halafu kipa aliyeudaka mpira vizuri kabisa kisha akarudi nao kinyumenyume mpaka ndani ya goli lake mwenyewe, huyo namba nne, halafu kona ya wapenda kompyuta na katuni, kuna dada ameshona vazi zima la shujaa kwa vifuniko vya chupa na sasa hawezi kukaa chini, huyo tano, na namba moja iko wazi, mstari mtupu, kile kijiti cheusi cha kwenye skrini kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, na Mhariri amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai, namsikia anapuliza, anasema weka ile juu kabisa, ile ya mzee, tangu tuanze huu ukurasa wa mtandaoni, Mseto wa Asubuhi, hajawahi kuona kitu kinasambaa namna hiyo... ile ya mzee, anasema, kama vile mzee ni mali ya umma, na kweli alikuwa mali ya umma, Mzee Kipaza, mtangazaji wa mpira, ile sauti iliyofanya watu waache sufuria zikaungua, na mimi niliyekuwa nalala chumba cha pili nikimsikia akisukutua kwa maji ya chumvi asubuhi ya mechi nilikuwa namwita baba tu, na Mhariri anajua ni baba yangu, ndiyo maana amenigusa bega, ndiyo maana amesema hongera, mzee amerudi hewani, na nimesema asante, nimesema asante kama mtu aliyepewa kiti kwenye basi, ulimi huu nao una adabu zake za kijinga... amerudi kutoka wapi, yuko kitandani, upande wa kulia haumsikii, kinywa kimeenda kando, na maneno yote yale, yale maneno yaliyokuwa yanakimbia kuliko winga, yameondoka siku ile ya kiharusi na limebaki moja tu, haya, akitaka maji ni haya, akitaka kugeuzwa ni haya, akilia ni haya.

Mhariri anasema kichwa cha habari kiwe kitamu, Sauti ya Dhahabu Yarudi, au unaonaje, na mwandishi wa michezo aliye meza ya dirishani, Kocha tunamwita, maana hajawahi kufundisha timu yoyote lakini hakuna mwalimu wa timu anayemwona ana akili, Kocha ameicheza tena ile video, kwa sauti kubwa, na hii ni mara ngapi leo, sitaki kuhesabu, inaanza, mgombea anapanda jukwaani na kofia yake, anapunga mkono, umati unapiga filimbi, na juu ya umati sauti ya baba, anampita mmoja, anampita wa pili, hana haraka bwana huyu, anainua kichwa, anawatazama vijana wake, anatoa pasi ya ajira, pasi safi, anatoa pasi ya maji, wanangu wee, wacha aende, wacha aende... na Kocha anacheka peke yake na kusema hii mashine ya kuiga sauti ni hatari, yaani hata lile kohozi dogo kabla ya goli wameliweka, na anasema kweli, wameliweka, nililisikia saa ile nimesimama jikoni na mswaki mdomoni, nikalisikia lile kohozi kwanza kabla ya maneno, na wazo la kwanza lililonijia, kabla ya hasira, kabla ya chochote, ni kwamba amepona, amepona na hakuna aliyeniambia... halafu nikaona kofia, nikaona ni nani chini ya kofia. Yule bwana. Watu wote wanamjua kama mgombea, sisi nyumbani tulimjua kama mkurugenzi, mkurugenzi wa redio, na siku ile ya fainali mgeni rasmi alichelewa, mpira umeshaanza, wakausimamisha ili ashuke kwenye gari apungie watu, wachezaji wamesimama juani mikono kiunoni, na baba akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole tu, wasikilizaji mpira umesimama, si kwa sababu mtu ameumia, ni kwa sababu mtu amechelewa. Basi. Hakusema zaidi. Nchi nzima ikacheka, hata mimi nilicheka, nilikuwa nimekaa sakafuni na mama akiwa anarekodi kwenye kanda kama kawaida yake, na wiki ile ile mkurugenzi akamwita baba ofisini, akamkaribisha kiti, akamwambia Mzee umechoka, nenda kapumzike, na kesho yake redio ikatangaza kwamba Mzee Kipaza ameomba mwenyewe kustaafu na wanamtakia maisha mema, na aliyeisoma ile taarifa ni kijana aliyefundishwa kazi na baba, alikuwa anameza mate kati ya maneno.

Na sasa mtu yule yule, sauti ile ile aliyoifungia nje ameichukua kwa mlango wa nyuma ikamsifie, hana haraka bwana huyu, pasi safi... na nani alimfungulia mlango, hapo ndipo penye uchungu wenyewe, maana mashine hailishwi hewa, lazima ilishwe kitu, na kitu kilikuwa kwenye katoni chini ya kitanda cha mama, kanda zote, na mdogo wangu ndiye aliyekuja kuzichukua, akasema dada hizi zitaharibika na unyevu, acha nizihifadhi kwenye kompyuta, na mimi nilimsifu, nilimwambia mama huyu mtoto sasa amekua, nikamshikia mlango akitoka na katoni kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Leo asubuhi nimempigia. Amepokea mara moja, alikuwa ananingoja, akasema, "Dada, usinipigie kelele kwanza, nisikilize, wamenichukua kazini, kitengo cha habari cha kampeni, kazi ya kudumu." Nikamuuliza ulimwomba baba ruhusa. Akasema, "Niliwaambia wamtaje jina mwishoni, na wamemtaja. Sauti ilikuwa inaoza kwenye katoni, dada. Wewe ungeifanyia nini?" na mimi nikakata simu, ningeifanyia nini, kweli, ningeiacha pale pale, ningekuwa naiona naogopa kuicheza...

Mhariri anasema kitu kuhusu wale jamaa wa kampeni, kwamba ni watu wazuri, wanatangaza kwetu, hatuwapendelei lakini pia hatuwachokozi, na mimi naitikia kwa kichwa, nimejipangia tayari nitakachosema, nimekipanga tangu kwenye ngazi, nitageuza kiti nimwambie siiweki, siiweki juu wala chini wala katikati, hiyo si sauti ya baba yangu, ni wizi, na baba akiisikia itammaliza, hilo ndilo nililolishika kwa nguvu, itammaliza, namwona pale kitandani anamsikia adui yake akisifiwa kwa koo lake mwenyewe na hana hata neno la kukataa, ana haya tu, na haya inaweza kudhaniwa ni kukubali, nimeiona picha hiyo mpaka machozi yamenilenga, na kusema kweli kuna utamu fulani ndani ya hasira hiyo, inanyoosha mgongo, nimekuja nayo kazini kama mtu aliyevaa nguo mpya... simu inatetemeka mezani. Mama. Ujumbe wa sauti, mama haandiki, anasema herufi zinamtoroka, naweka waya sikio moja, sikio la pili namwachia Mhariri, ambaye sasa anauliza kama tunayo picha ya mzee ya zamani, ile ya shati la maua, na mama anaanza kama anavyoanza siku zote, kwa kuuliza nimekula, kisha anashusha sauti, nasikia anatoka chumbani na kuvuta mlango.

"Mwanangu, mdogo wako ameituma ile video kwenye simu yangu. Nikasema nimfiche baba yako, lakini ikajicheza yenyewe nikiwa namnywesha uji." Hapo kuna kuku anapita anasema mambo yake, na Mhariri kwenye sikio la pili anasema au picha ya uwanjani, yenye watu, na mama anaendelea, anasema uji ulimwagika kwa sababu baba aliinuka, yaani aliinuka, yule ambaye kumkalisha ni kazi ya watu wawili, aliinua kichwa na bega, akaitafuta simu kwa macho, na ilipokwisha akasema haya, na mama akaelewa kwamba izimwe, akaizima, na baba akapiga kitanda kwa mkono ule mzima, haya, haya, mpaka mama akaiwasha tena. Tangu hapo ni hiyo tu, anasema mama. Ikiisha anamsukumia simu. Na mimi kwenye kiti hiki sikuipanga hii, katika yote niliyoyapanga kwenye ngazi sikuipanga hii, nasema moyoni basi hajui ni nani anayesifiwa, ugonjwa umemla akili pia, maskini anadhani ni mechi, na mama, kama vile amenisikia kabla sijawaza, anasema, "Usidhani hajui. Anajua. Ikifika pale wanapomtaja yule bwana jina anafumba macho. Anangoja. Likishapita anayafumbua."

Anafumba macho. Anangoja lipite. Kocha huko dirishani ameirudisha tena video mwanzo, na mimi sasa naisikia vingine, naisikia kwa kitanda kile, kwa mto ule wenye alama ya uji, anampita mmoja, anampita wa pili, na nasikia jina likitajwa, na namwona baba ameshusha kope kama mtu anayepishana na gari la takataka, anaziba pua, linapita, anaendelea na safari, kwa sababu upande wa pili wa jina lile kuna lile kohozi, kuna wanangu wee, kuna wacha aende, kuna yeye... na hilo ndilo alilobakiwa nalo, na analipia kwa jina la mtu aliyemvunja, kila mara, kwa macho yaliyofumbwa, na anaona si ghali. Basi ile hasira niliyoivaa leo asubuhi haikuwa yake, niliishona mwenyewe, kwa kipimo changu, nikasema ni ya baba, nimemkasirikia mtu kwa niaba ya mzee ambaye hakunituma, na yeye amepata alichokitaka kutoka mkono uleule uliomnyang'anya, na aliyempelekea ni yule mdogo wangu mwizi, si mimi, mimi mwenye mapenzi na heshima nilimpelekea machungwa na dawa ya kuchua. Naumia. Sijui kama nimewahi kuumia hivi, ni wivu huu, niuite jina lake, nimemwonea wivu mwizi... Mama anamalizia, anasema najua na wewe utakuwa umeudhika, wewe ni mtoto wa baba yako, lakini ukija usimnyang'anye simu, mwache, na kuku tena, na mlango, na kabla ujumbe haujakatika inasikika kwa mbali, kutoka chumbani, sauti ya baba ya zamani inayotangaza, na juu yake sauti ya baba ya sasa, nzito, imepinda, haya, haya, haya, anaifuata, anajaribu kwenda nayo, inamwacha nyuma.

Na yule bwana je. Kwa sababu baba amefumba macho haina maana yule bwana hayupo. Yupo, na kofia yake, kwenye kila simu ya nchi hii anapewa goli asilofunga, na wanaoandika pale chini ya video wanasema mzee kumbe yuko hai, mzee kumbe yuko na sisi, mzee amesema tumchague, wapo wanaoamini, wapo wengi, watu waliolelewa na sauti ile hawawezi kuidhania uongo, haikuwahi kuwadanganya hata kwenye kuotea, na hao hawamo chumbani kwa baba, hao wako kwangu, wanafungua Mseto pamoja na chai... siwezi kumnyang'anya simu na siwezi kuinyamazia, vyote viwili, na nikiisema hadharani mdogo wangu ataondolewa kazini, na mama atajua ni mimi, na baba kwa kesi hii hanihitaji, ni vizuri nijue hivyo kuanzia sasa, kwamba naenda peke yangu, kwamba nikishinda hatafurahi na nikifukuzwa hatajua. "Vipi," anasema Mhariri, "namba moja?" na chai yake bado ina moshi, muda wote huu hata chai haijapoa, na sigeuzi kiti, sisemi siiweki, naona vidole vimeshakwenda kwenye herufi, na tangu tuanze ukurasa huu sijawahi kuandika neno moja kunihusu mimi, ni tumeona, ni tumecheka, ni imeripotiwa, ndiyo namna yetu, lakini vidole vinaandika, kwenye mstari wa kwanza, taratibu, Sauti mnayoisikia si ya baba yangu, baba yangu hawezi kusema, na hapo napumua, na Mhariri nyuma yangu ameacha kupuliza.