Hata Mashine Huuliza

Mwanga wa ziwa, asubuhi Mwanza, hauji polepole. Unatoka majini kama kofi, unapiga mawe, mawe yanaurudishia mabati, mabati yanaurudishia macho ya mtu. Mwanga huo bado haujauzwa. Kila kingine kimepata mnunuzi: kiwanda kimeuzwa, maghala ya pamba yameuzwa, hata mapanki, mifupa ya sangara iliyokwisha kuvuliwa nyama, yana bei. Mwanga tu ndio wa bure, na ulimpiga usoni Mzee Luhaga, fundi mwashi wa Usagara, kila aliposhuka mjini kutetea kaburi la mkewe.

Kaburi la mkewe, ndiyo. Odeta amelala nyuma ya nyumba, pale njia panda ya Usagara, kando ya ua wa minyaa alioupanda mwenyewe. Na kiwanja hicho, pamoja na nyumba, pamoja na minyaa, pamoja na Odeta aliyemo, amepewa mwekezaji ajenge kituo cha mafuta. Wakubwa walikaa. Wakubwa wakapima. Wakubwa wakagawa.

Nani aliulizwa? Si Luhaga. Si Odeta. Hata minyaa haikuulizwa.

Alitaka jambo moja tu, na alilisema mlangoni pa ofisi ya viwanja mpaka likachakaa mdomoni: jengeni mtakavyo, chukueni nyumba, lakini mwacheni mke wangu pale nilipomlaza. Na karani wa mlangoni, binti mpole, alimjibu yaleyale kila mara. Shikamoo mzee. Bwana Mkubwa yuko kikaoni. Pumzika kidogo, urudi baadaye.

Baadaye iko wapi? Mwanga unachoma, mti wa ofisi umekatwa ili magari ya wakubwa yapate pa kulala. Kivuli kilikuwa kimoja tu, ng'ambo ya barabara: kibanda cha Yunus, kibanda cha gemu.

Yunus alikuwa mtu wa kile kiwanda kilichouzwa. Walipompunguza kazi, wakampa kiinua mgongo, akanunua runinga mbili na mashine za kaseti, akatundika gunia mlangoni, ndani pakawa giza. Luhaga aliingia kufuata giza. Akakaa kwenye benchi, akasikia milio, akaona rangi zikikimbizana kwenye kioo, akauliza vijana wazima wanalilia nini. Yunus akampa pedi mkononi, akamwambia hasira nayo ni pumzi, mzee wangu, itoe humu, humu haimuumizi mtu.

Hivyo ndivyo mwashi wa miaka hamsini na zaidi alivyoanza kucheza gemu: kwa kusubiri.

Kichezo cha kwanza kilikuwa cha matofali. Yunus alidhani atamfurahisha fundi. Matofali yanashuka kutoka juu yenyewe, hakuna wa kuyapandisha, hakuna saruji, hakuna kelele za saidia fundi; kazi yako ni kuyageuza yakae. Luhaga akayakalisha. Mkono wa mwashi hausahau. Akapanga kozi ya kwanza, safu nzima ya matofali, imenyooka kama imepimwa kwa uzi, haina tundu hata la sisimizi, akaegemea nyuma aitazame.

Ikafutika.

Akamgeukia Yunus, akamwambia mashine yako imeiba kozi yangu. Yunus akacheka mpaka akashika ukuta. Akaeleza kwamba ndivyo ulivyo mchezo: ukipanga sawa, inaondoka, na huo ndio ushindi. Na ukikosea? Ukikosea, mzee wangu, inabaki.

Ee ziwa, ulisikia hilo? Kilichopangwa sawa kinafutwa. Kilichokosewa kinabaki, kinapanda, kinapanda, mpaka kinamziba mjenzi pumzi. Luhaga hakuhitaji kufundishwa mchezo huo. Alikuwa anaishi ndani yake. Kiwanda kilikuwa sawa, kikafutwa. Ushirika ulikuwa na ghala limejaa pamba mpaka mlangoni, ukafutwa. Zahanati ilikuwa na dawa, ikafutwa. Makosa ndiyo yaliyobaki, yamevaa tai, yanaitwa Mheshimiwa.

Cha magari alikidharau. Barabara gani hii isiyo na shimo, isiyo na kizuizi cha polisi, isiyo na mama anayechoma mahindi pembeni? Gari linapinduka, linawaka moto, kufumba na kufumbua liko barabarani tena, jipya, linang'aa. Luhaga ameishi njia panda. Ameona magari yaliyopinduka. Akarudisha pedi, akasema mwenye mchezo huu hajawahi kubeba majeruhi.

Cha mpira kilimwanzishia ugomvi. Yunus alimfungulia bendera ili achague timu, bendera safu kwa safu, za nchi kubwa na za nchi ambazo hajawahi kuzisikia. Luhaga akatafuta kijani na nyeusi na buluu na ule mstari wa njano. Akatafuta juu, akatafuta chini. Yunus akakiri kwa aibu kwamba hatumo.

"Nani ametutoa?" akauliza Luhaga.

"Hatujatolewa, mzee wangu. Hatukuwekwa."

"Basi na hilo waliamua bila kutuuliza."

Vijana wa kwenye benchi wakacheka, wakamwambia achukue timu yoyote, mpira ni mpira. Akakataa. Acheze na bendera ya wenyewe? Mtu hata akiwa fukara haazimi jina la jirani. Akakaa pembeni, amekunja mikono, mpaka walipobadilisha kaseti.

Walipobadilisha, kikaja cha vifaru, na hicho ndicho kilichomkamata moyo.

Chini kabisa ya kioo kuna ndege mdogo. Hapigani, haruki, amelala tu. Amezungushiwa ukuta wa matofali, kozi moja, mwembamba, kazi ya fundi mvivu. Na vifaru vinakuja. Vinatokea juu, siku zote juu, hakuna hata kimoja kilichotokea chini, na vyote vinamtaka huyo ndege aliyelala. Wewe una kifaru chako kimoja, unahangaika kulia na kushoto, unazuia. Risasi yao inabomoa ukuta. Risasi yako, ukiteleza, nayo inabomoa ukuta uleule. Na hakuna kujenga tena. Hakuna mchanga, hakuna maji, hakuna tofali la akiba.

Luhaga alicheza mpaka vidole vikakakamaa. Alimlinda yule ndege kama mtu anayelinda jiko la mama yake. Akilindwa huku, wanatokea kule. Ukuta ukimeguka, alitoa sauti ya maumivu ambayo vijana waliicheka mwanzoni, kisha wakaacha kuicheka. Wengine walianza kumwelekeza: mzee, kushoto, mzee, mmoja huyo anakuja. Na yeye, jasho linamtiririka, akasema kwa uchungu neno ambalo Yunus alilirudia kwa kila mteja baada ya hapo:

"Mmenipa mzinga. Mimi nipeni mwiko."

Alishindwa. Kila siku alishindwa. Waliotoka juu hawakwisha.

Halafu kuna cha ngumi. Watu wawili wanasimama katikati ya mji usiojulikana, hawaamkiani, hawatajani ukoo, wanaanza kupigana mateke. Luhaga alichukizwa. Kwao Usukumani Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma tangu babu wa babu, na kila mmoja anajua anamshinda nani na kwa nini, na watu huamua kwa miguu, wanahamia kwenye ngoma tamu. Hawa wanagombea nini? Hakuna ng'ombe, hakuna mpaka wa shamba, hakuna mwanamke. Alimchagua dada mwenye mateke marefu kwa sababu ni yeye pekee aliyeonekana ana hasira ya kweli. Akapigwa. Akaanguka. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno, na chini ya maneno tarakimu kubwa: tisa. Nane. Saba.

Akauliza kinasema nini.

Yunus akamwambia, "Kinakuuliza kama unaendelea."

"Kinaniuliza mimi?"

"Wewe hapo. Kinasubiri ujibu. Usipojibu mpaka sifuri, ndipo kinafunga."

Sita. Tano. Luhaga hakubonyeza kitu. Alitazama tu. Mashine iliyotengenezwa na watu wasiomjua, ng'ambo ya bahari asizozijua, nchi ambayo bendera yake haimhusu, imemwangusha, na baada ya kumwangusha imesimama, imeinama, imemuuliza: mwenzangu, unaendelea?

Odeta hakuulizwa. Odeta alipokuwa anatapika damu hospitalini, Luhaga aliambiwa akanunue glovu na dripu duka la nje, kwa sababu sasa ni kuchangia, bure imekwisha, ndiyo amri kutoka juu. Alikimbia. Aliporudi na mfuko mkononi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka la mtu mwingine. Hapakuwa na tisa, hapakuwa na nane. Sifuri moja kwa moja. Na sasa wanamfuata hata huko alikolala, na hata huko hawaulizi.

Nne. Tatu. Akaweka pedi kwenye benchi, akasimama, akafunua gunia la mlangoni. Mwanga ukamzaba. Akavuka barabara bila kutazama.

Binti wa mlangoni alikuwa ametoka kununua maandazi. Mlango wa ndani ulikuwa umeegeshwa. Luhaga akabisha hodi kama mtu aliyelelewa, akaingia.

Bwana Mkubwa alikuwa kikaoni na karata. Kompyuta imewaka mbele yake, karata nyekundu na nyeusi zimepangwa safu, mwanga wake wa kijani umemkaa kwenye miwani. Luhaga sasa alikuwa mjuzi wa mwanga huo. Ndio uliokuwa umewakaa vijana wote wa kibandani, ila wao walikuwa wamelipia.

Bwana Mkubwa akafunika kioo kwa faili, akauliza mzee huyu hakuambiwa kuna kikao. Kisha akamtambua, akashusha sauti, akawa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. Akaeleza kwamba nchi imefunguka, hili ni soko huria, mambo haya yanatoka juu. Akasema mwekezaji ni muungwana, atamhamisha marehemu kwa gharama zake, sanduku jipya, makaburi ya mjini. Katapila linafika Jumamosi.

Luhaga alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Safari zote zile alizibeba kelele hizo. Zilipofika kooni zikawa swali dogo.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

Bwana Mkubwa alifikiri. Kwa heshima yake, alifikiri kweli.

"Mzee," akasema, "hakuna utaratibu wa kuuliza."

Basi. Luhaga akatoka. Hakurudi kwa Yunus. Alijua sasa kwamba kaburi halitabaki, na kwamba kilichobaki mikononi mwake ni kimoja: mkono utakaomgusa Odeta utakuwa wa nani. Wa katapila, haiwezekani. Wa wageni, haiwezekani. Mke hahamishwi kama kabati.

Alituma habari ng'ambo, Sengerema, kwa Antoni, kaka wa Odeta, ambaye ni seremala. Antoni hakuuliza mengi. Alisema dada yake alitoka nyumbani kwa miguu yake, atarudi kwa mabega yao, na mahali papo, pembeni ya mama yake. Akaja na sanduku fupi la mninga, limepigwa msasa mpaka linateleza. Padre akaja na maji ya baraka. Ijumaa asubuhi, umande bado uko kwenye minyaa, wakachimba.

Udongo wa Usagara ni mgumu. Luhaga alichimba mwenyewe. Aliyetaka kumpokea jembe alimnyima. Akachimba huku anawatukana wakubwa kwa Kisukuma, tusi kwa pigo, pigo kwa tusi, mpaka Padre akajifanya anasoma kitabu. Chini zaidi, matusi yakaisha. Jembe likawekwa kando, ikawa kazi ya viganja.

Alimtoa polepole. Mwepesi mno. Mwanamke aliyekuwa akijaza mlango, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani kwenye malori, akawa mzigo wa mikono miwili. Wakamfunga shuka jeupe, juu yake kitenge kipya, wakamlaza ndani ya mninga. Luhaga hakuitazama nyumba walipoondoka. Waje waibomoe. Nyumba isiyo na mtu ni matofali tu.

Kigongo, foleni ya kivuko. Malori ya Geita, baiskeli, matenga ya kuku, akina mama na ndoo za dagaa. Watu waliona sanduku, wakavua kofia, wakapisha njia. Ikafika zamu yao dirishani. Karani wa tiketi alikuwa mwanamke wa makamo, sare imepauka, kalamu sikioni. Akatazama sanduku. Akamtazama Antoni. Akamtazama Luhaga, udongo mwekundu umemkaa mpaka viwikoni.

"Pole, baba," akasema. "Huyu nimkatie abiria, au nimwandike mzigo?"

Luhaga akaweka kiganja juu ya sanduku. Nyuma yao honi ikalia, mtu akamkemea mwenye honi. Mwenye sare ya serikali amemtazama usoni, amemuuliza juu ya Odeta, na anangoja. Karani alisubiri. Hakuhesabu kurudi nyuma. Alisubiri tu, kalamu mkononi, kana kwamba kivuko na ziwa zima vinamsubiri mzee huyu apate sauti yake.

"Abiria," akasema Luhaga.

"Abiria," karani akarudia, akakata tiketi, akampa.

Kivuko kikaachia ukingo. Katikati ya ghuba mwanga ukaja, uleule, kutoka majini, mkali, wa bure. Uliwapiga watu wote usoni, wakainamisha vichwa, wakajikinga kwa viganja. Luhaga hakujikinga. Alisimama karibu na sanduku, tiketi yake na ya Odeta mkononi, mwanga umelala juu ya mninga kama mtu aliyechoka aliyepewa kiti, na Busisi, gati la ng'ambo, ikaanza kusogea.