Upande Usiouma

Kwetu Mani, kusini mwa Ugiriki, maiti hasindikizwi kimya. Wanawake humzunguka, mmoja hutunga beti papo hapo, wengine huitikia, na yule anayetunga hujipiga kifua kwa ngumi. Kwa miaka ishirini mtungaji wetu alikuwa mama yangu, Garifalia, na anayedai amewahi kumsikia wa kumfikia, aje aniambie mimi.

Wasichokijua waliomsifu ni kwamba titi lake la kushoto lilikatwa kwa saratani nikingali mchanga, akawekewa la bandia, mfuko wa silikoni chini ya ngozi iliyounguzwa na mionzi. Tulijua sisi wa nyumbani na shangazi Pagona tu. Mama alijipiga upande huohuo, maana hauumi.

"Wifi, wewe mjanja," shangazi alimtania. "Wenzio tunavilia damu, wewe unapiga mto!"

"Nyamaza, mchawi wewe. Siku ukifa nitakupigia huu wa kulia, uridhike."

Tulipomzika baba, alijipiga mpaka nikaogopa. Miezi ikapita, kifua kikapinda, uvimbe ukamtoka kwapani. Tukajua saratani imerudi. Lakini daktari wa mjini Kalamata alipotazama picha, alisema, "Mfuko umepasuka. Umezeeka, tena umegongwa. Ulipata ajali ya gari?"

"Nilifiwa na mume," mama akajibu.

Daktari alikubali kumwekea mwingine, ila alimwonya: "Ngozi hii imekuwa karatasi. Ikichanika, sina tena pa kuweka kitu."

"Weka. Watu hawa wamezoea kuniona mzima. Sitaki wanione nusu."

Akawekewa. Nilimkuta mbele ya kioo, gauni lake jeusi limemkaa sawa pande zote mbili, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu baba afe.

Kidonda hakijapona, shangazi Pagona akaanguka jikoni kwake, asiamke.

"Mama, usiende," nikamsihi.

"Aliyenifichia siri yangu azikwe kama mbwa?"

"Basi imba tu, mikono chini."

"Nitapiga wa kulia. Nilimwahidi."

Jeneza lilikuwa sebuleni, wanawake wamelizunguka kwa nguo nyeusi. Mama akaanza:

Pagona, wifi, amka,
nani tena 'tanicheka?

Akapiga upande wa kulia. Ukamuuma. Akapiga tena, pumzi ikamkatika, na ubeti ukakatika nao. Sijawahi kusikia ubeti wa mama ukikatika. Wanawake wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Garifalia kaisha."

Mama alisikia. Mkono wake ukavuka wenyewe kwenda ulikozoea.

Nikapiga kelele, "Mama, acha!" Watu wakanishika mabega wakidhani ni uchungu wa shangazi. Na beti zikarudi, nzima, kali, sebule yote ikalia. Hakuwahi kuimba vile. Tulipofika makaburini, gauni lilikuwa limelowa upande wa kushoto, na wanawake waliomkumbatia wakaondoka na damu vifuani.

Daktari akautoa mfuko mpya, akaishona ngozi juu ya mbavu. Nilijiandaa kumjibu akimgombeza. Hakumgombeza.

"Basi, mama," akasema. "Hapa tumemaliza."

Sasa kengele ya msiba ikilia, wanawake huja kubisha. Mama hukaa nyuma ya dirisha lililofungwa, kiganja kimelala mahali palipo bapa.

"Waambie siwezi," huniambia.

"Nani atatulilia sasa?" wanawake huniuliza pale mlangoni, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha.

Jana nilikaa miguuni pake nikamsomea beti nilizotunga usiku kucha. Alinisikiliza mpaka katikati, akanyoosha mkono kuninyamazisha.

"Nzuri, mwanangu. Umemtungia maiti gani?"

"Si maiti, mama. Nimekutungia wewe."

"Najua," akasema. "Maliza basi, unizike."