Kaswida na Kigari Chekundu

Nimepita jamani, na kilichonipitisha ni kigari cha betri nilichonunua Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho fildi, yaani mazoezi ya ualimu. Mara ya kwanza mkaguzi wetu kutoka chuoni, Mwalimu Ansbert, aliniambia nafundisha fizikia kama nasimulia hadithi. Nikiboronga tena, narudia mwaka. Ndo nikapanga wasichana wa Fomu Two wapime spidi ya kigari kwa saa ya simu yangu. Nafika darasani, simu haina chaji. Jana umeme ulikatika Msimbazi nzima. Saa ya ukutani ipo, lakini kigari kinamaliza darasa kabla hujaona mshale umefika wapi.

Mwalimu Ansbert kakaa nyuma, kalamu mkononi. "Endelea tu, binti."

Mimi nimekulia madrasa, nimepiga dufu Maulidi zote, na wale wasichana karibu wote wa mitaa ile ile. Nikawaambia tuimbe kaswida, makofi kwa mapigo yake. Kila kofi, mmoja wao, Hamdiya, aweke alama ya chaki pale gari lilipo.

Kigari kikaondoka. Kofi, chaki, kofi, chaki. Tunatazama sakafuni: alama za mwanzo zimeachana, za mwisho zimebanana.

"Madam, limechoka," Hamdiya akasema. "Si la Kariakoo hilo?"

Darasa likacheka. Mwalimu Ansbert hakucheka. "Betri imeisha?"

Nikazitazama tena zile alama, nikakumbuka tulivyoimba, nikacheka mwenyewe. "Betri mpya, Mwalimu. Ni sisi. Kaswida imekolea, tukakimbiza makofi kama tumemwona bwana harusi mlangoni."

"Umejuaje?"

"Tunarudia, makofi yasiongezeke mwendo. Kama ni betri, alama zitabanana tena." Nikawageukia wasichana. "Atakayekolea atanitambua."

Safari hii nikapiga mwenyewe juu ya meza, wao wakanifuata. Mabega yanataka kucheza, hayana ruhusa. Sitara wa mbele kafumba macho kabisa asije akachanganya. Hamdiya akatambaa na chaki yake mpaka ukutani, kisha akarudi na rula, akapima alama hadi alama.

"Zimelingana, Madam. Zote." Akalipapasa gari. "Samahani, mwaya."

Tukahesabu makofi dakika nzima kwa saa ya ukutani, tukajua kofi moja ni nusu sekunde, na spidi ikapatikana hapo hapo. Mwalimu Ansbert akachuchumaa na suruali yake ya pasi, akapima upya kwa mkono wake.

"Hapa sasa umefundisha," akasema. "Umepita."

Nilitaka kulia, nikaona aibu. "Mwalimu, naomba dakika moja niwaachie."

"Uwaachie nini?"

"Haya," nikawaambia wasichana, "kimbizeni."

Kaswida ikakolea mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani, na mkaguzi wangu naye akapiga makofi, nje ya mapigo kabisa.